Tisini na Tano

Darasa zima la uhandisi lilipata spiriti ya asilimia tisini na tisa kwenye programu ya kuiga mitambo. Msichana mmoja tu alipata tisini na tano, na mhadhiri akamwandikia sifuri.

"Rudia, binti. Au wenzako wote wamekosea?"

"Wote, mwalimu. Wameiambia kompyuta kwamba spiriti na maji havishikani. Vinashikana. Hata mnara wa kuchemshia uwe mrefu vipi, maji kidogo yanabaki humo humo."

Kicheko kikalipuka. Mhadhiri akauliza, "Nani kakwambia?"

"Kitabu. Na shangazi yangu, anaendesha mtambo wa spiriti mwaka wa kumi na tisa huu. Hiyo tisini na tisa hajaiona hata siku moja."

"Basi shangazi yako akusahihishie!"

Msichana hakukaa. "Badilisha kanuni ya mchanganyiko, mwalimu, weka ile ya vitu vinavyoshikana, tuone hapa hapa."

Mhadhiri akabonyeza kwa hasira, darasa likitazama skrini ya ukutani. Namba ikashuka, ikagota tisini na tano. Akaurefusha mnara mara mbili, haikusogea. Vicheko vikakatika. Akaifuta ile sifuri bila kumtazama.

"Keti."

"Nitaketi, mwalimu, ukishaandika alama yangu."