Korongo wa Bwawa la Hallow

Asubuhi hiyo Hester Pask alitoka nyumbani ameshaapa kwamba leo, liwalo na liwe, atasema. Jumamosi gari la kuhamisha vyombo lingekuja. Nyumba ilikwisha kuuzwa, na binti yake aliyeko Coventry alikwisha kumwandalia chumba, mpaka pazia jipya ametundika. Amebaki mtu mmoja tu wa kumuaga, na mtu mwenyewe Hester hakumjua hata jina.

Usicheke. Kwenye bwawa la Hallow ndivyo mambo yalivyo. Ukingoni pana kibanda cha mbao, na ndani yake benchi refu na vidirisha vyembamba vya kuchungulia ndege. Ikifika baridi, bata bukini na bata maji wakishakimbia barafu ya kaskazini na kujaa pale, watu nao huja. Huketi, hufungua kidirisha polepole, hunong'ona. Anayeingia huuliza kama kuna lolote, aliyemo humwambia kuna nini na kiko upande gani, basi, yameisha. Habari za wajukuu na mgongo unaouma ziache mlangoni pamoja na matope ya viatu. Kumuuliza mtu jina mle ndani ni kama kumvua shati mbele za watu. Ila lipo kosa moja linalopita yote, nalo ni kudanganya kuhusu ndege. Sema umemwona ambaye hukumwona, au mfiche uliyemwona, uone kama kuna atakayekukaribisha biskuti tena.

Miaka sita mfululizo Hester alikaa mwisho wa benchi lile, na hatua moja kutoka kwake alikaa bwana mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu ya kijani. Moyoni alimwita Kofia. Huyu Kofia alikuwa na hamu moja tu, kumwona korongo wa matete. Ni ndege mwenye rangi ya matete makavu, na akihisi mtu hunyoosha shingo juu, akatulia tuli, ukamtazama asubuhi nzima usijue kuwa unamtazama. Kila Hester alipouliza, Kofia alijibu kwamba bado, labda kesho. Hester mwenyewe alikwisha kumwona zamani, enzi za marehemu mumewe, lakini alimhurumia yule bwana, akawa anamtafutia kwa darubini mpaka macho yanauma na vidole vinakufa ganzi. Siku ambazo Kofia hakuja, bwawa zima lilimchosha. Alijua maana yake ni nini. Alikuwa amempenda, na mtu mzima hawezi kuificha nafsi yake jambo kama hilo.

Basi leo akaingia, akauliza kama kuna lolote, Kofia akamwambia kuna bata maji upande wa mashariki. Akaketi. Nje, umande ulikuwa umeganda juu ya kila jani. Ukungu ulilala juu ya maji, na bata maji waliokuwamo walionekana nusunusu, mara shingo bila mwili, mara mwili bila shingo, mara hakuna kitu. Sauti zao zilitoka mbali na karibu kwa wakati mmoja. Jua lilipanda jekundu, halina nguvu, unaweza kulikodolea macho lisikuumize. Hester alijiona kama hajaamka sawasawa, kama bado yuko kitandani na bwawa linapita taratibu ndani ya usingizi wake. Hakusikia baridi tena. Kando yake Kofia alikuwa amekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili, mvuke unampanda usoni, na Hester alitamani wasahauliwe humo humo wawili hao, dunia iendelee na shughuli zake.

Alikwisha kufungua mdomo. Neno la kwanza lilikuwa limefika ulimini, na ndipo matete ya kushoto yakatikisika pasipo upepo.

Korongo akatoka. Alitoa mguu mmoja, akafikiri, akatoa wa pili, akaanza kukanyaga barafu kama bibi anayeogopa kuteleza. Alikuwa peupe kabisa, karibu hata ungeweza kumrushia kijiwe kikamfikia. Hester akaona maisha yanamchezea. Akitoa sauti, ndege ataruka, na miaka yote ya kungoja ya mwenzake itakuwa imekwenda bure. Akayameza maneno yake. Akanyoosha mkono, akamgusa Kofia kwenye koti, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akamwonyesha kwa kidole.

Wakatazama pamoja mpaka korongo alipojirudisha kwenye matete na ukungu ukafunga. Hester akageuka kumpongeza. Kofia alikuwa ameivua ile kofia, ameishika magotini, na uso umemwiva.

"Hongera," Hester akanong'ona. "Umempata hatimaye."

"Nilishamwona, mama."

"Lini?"

"Baridi ile ya kwanza. Siku hiyo wewe hukuja. Alisimama palepale."

Hasira zilimpanda Hester. Miaka yote hiyo amemtafutia, ameumiza macho, kumbe! Angekuwa mtu mwingine, angeinuka akatoka na habari zingeenea kibanda kizima kabla ya jioni. Sauti yake ikapita mnong'ono kwa mara ya kwanza, akamuuliza kwa nini alimdanganya.

"Ningesema nimemwona," yule bwana akajibu huku akiikunja kofia, "ningekuwa na sababu gani ya kuja kukaa hapa na wewe?"

Machozi yakamtoka Hester bila kumwomba ruhusa. Furaha ilimjaa, na uchungu juu yake, kwa sababu maneno hayo yangeweza kusemwa miaka mitano nyuma. Akamweleza yote, nyumba, gari la Jumamosi, chumba cha Coventry, na kwamba harudi tena.

Yule bwana akaivaa tena kofia yake. Kisha akauliza kama huko anakokwenda kuna maji. Hester akamwambia kuna kidimbwi kwenye bustani karibu na kwa binti yake, kina bata wa kawaida tu, wale wanaorushiwa mkate na watoto.

"Basi nitakuja hapo kumtafuta korongo."

"Bwana we, pale hakuna korongo. Hata tete moja hakuna."

"Najua," akasema. "Nitamtafuta mpaka nife."

Hester akajifuta machozi kwa skafu, akamuuliza jina lake.