Ibada ya Mkawasi Bado Iko Wazi

Usiku wa kuamkia leo niliota naongoza ibada kwa simu. Kwa kuwa siku hizi hata nikiwa macho ndiyo kazi yangu, mwanzoni sikujua kama naota. Nimekaa sebuleni kwangu, juu nimevaa kola ya uchungaji, chini suruali ya kulalia na malapa, na simu nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai.

Nilianza kushuku mambo pale simu ilipokohoa.

"Mchungaji," ikasema, "washirika wako nje. Niwafungulie?"

Mtu akikohoa siku hizi unamkimbia, lakini simu ni yangu, ningeenda wapi. Nikaiambia iwafungulie.

Wakaanza kuingia, kila mmoja ndani ya kisanduku chake kisichozidi kiberiti, wakajipanga juu ya kitambaa cha meza. Mzee Mwang'ombe, mzee wa kanisa letu, ambaye tangu tufungiwe kanisa hajajua bado kuishika simu usoni, alifika paji la uso peke yake.

"Na wewe mwingine uko wapi?" nikamuuliza.

"Nimebaki nyumbani, Mchungaji. Bando halikutosha."

Mama Malemba alikuja dari. Dari la jikoni kwake, lenye masizi, basi. Nikalisalimia, nalo likajibu halijambo, ila lina mafua kidogo, na visanduku vyote vya jirani vikasogea pembeni. Kwaya nayo ilifika kwa mafungu. Sauti za kwanza zilikuwepo mapema, lakini besi wetu anakaa ng'ambo ya kilima, kwa hiyo besi ilifika wimbo umeshaisha, inahema, ikaomba maji ya kunywa. Nikaipa.

Nasimama kuhubiri. Simu inanikumbusha kwamba kwa agizo la serikali maneno nayo hayaruhusiwi kubanana. Kila neno likae mita moja na nusu kutoka kwa mwenzake. Mimi ni mtu wa kutii, kwa hiyo natii. Nasema Mungu ni mwema. "Mungu" linabaki sebuleni, "ni" linakwenda kusimama jikoni, na "mwema" linatoka nje hadi kwenye zizi la mbuzi.

"Kila wakati!" wakaitikia mbuzi.

Washirika hawakuitikia, kwani nilikuwa nimewafunga sauti wote kwa sababu ya kuku wao. Nikatoka kulifuata neno langu zizini, na mlango wa zizi ukafungukia kanisani.

Kanisa lilikuwa tupu, lina vumbi, na ukungu wa kule kwetu milimani umeingia hadi madhabahuni umekaa. Benchi la mbele, lenye alama ya rangi nyekundu ya kukataza watu wasikae, likaniita kwa kidole, ingawa siwezi kueleza lilikipata wapi.

"Mchungaji, Mama Kanisa yuko wapi?"

"Alifariki," nikasema.

"Alifariki lini? Mbona hatuna habari? Hapa anapokaa pana joto bado. Shika uone."

Nikashika. Palikuwa na joto.

"Nimekwambia alifariki," nikasema, na nilikuwa nimeanza kukasirika. "Tulimzika."

"Mlimzika, sawa. Lakini sisi mabenchi tunajua mtu ameondoka akishasema Neema ya kufunga ibada. Yeye hakuisema. Uliza simu yako."

Hapa lazima nieleze. Huyo Mama Kanisa, Mkawasi, alikuwa mke wangu. Ugonjwa huu ulimchukua hospitalini, nikamwona mara ya mwisho akipanda gari la wagonjwa mwenyewe, na mkoba wake mkononi, akinikumbusha niepue maharagwe. Waliomrudisha walikuwa watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki kuanzia kichwani. Mimi na binti yetu Shali tulikuwa karantini, tumekatazwa hata kufungua madirisha, na kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mchungaji wa kanisa la jirani alikuwa kitandani naye, akihangaika kupumua. Basi mazishi ya mke wangu niliyaongoza mimi mwenyewe nikiwa dirishani jikoni, kwa simu, na huko kaburini Mzee Mwang'ombe alikuwa ameshika simu yake juu ili nisikike.

Kutoka dirishani hadi kaburini ni mwendo wa kurusha ganda la ndizi. Lakini sauti yangu ilibidi iende kwanza hadi kwenye mnara, izunguke ilikozunguka, ndipo irudi kwenye migomba yangu imechelewa. Niliwaona waimbaji kwa macho wamefunga midomo, na sikioni nasikia ndio kwanza wanaanza ubeti. Ilipofika zamu ya Neema, mtandao ukakatika. Wale watu wa nguo nyeupe wakaangalia simu, wakaangalia dirishani, wakangoja kidogo, wakapanda gari lao. Nami nilibaki nimeshika kioo cha dirisha.

Kwetu, mtu hatoki ibadani kabla ya Neema. Hata mama ambaye mtoto analia atasimama mlangoni na mtoto wake, angoje, tushikane mikono, tutazamane, tuiseme wote pamoja, ndipo aende. Mkawasi alizikwa bila kuambiwa aende. Tangu siku ile sijafika kwenye migomba, na Jumapili Neema namwachia Mzee Mwang'ombe. Nimewaambia washirika kuwa ni utaratibu mpya. Hawajauliza, Mungu awabariki.

Basi nikaiuliza simu.

"Ibada ya mazishi bado iko wazi," ikasema kwa sauti ile yake isiyo na haraka. "Washiriki wote wametoka, isipokuwa mmoja. Mwenyeji hajaifunga."

Nikatazama. Kwenye kona kulikuwa na kisanduku cheusi, na ndani yake jina tu: Mkawasi.

"Yuko humo tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Anangoja."

Sasa nitasema kitu ambacho mchungaji hapaswi kukisema. Nilifurahi. Niliona kwamba kama sijasema Neema, basi Mkawasi hajaondoka, na nisipoisema kabisa hataondoka kabisa. Nitaongoza ibada hii hadi nizeeke, nitaiongoza nikiwa sina meno, na jina lake litakuwa pale konani kila nikiinua macho. Nikarekebisha kola.

"Tunaendelea na matangazo," nikasema.

Nikatangaza kikao cha kina mama. Nikatangaza kufagia kanisa. Nikaomba ushuhuda, dari la Mama Malemba likashuhudia jinsi Bwana alivyoliponya uvujaji. Nikaomba kwaya irudie wimbo, halafu irudie tena, ila safari hii besi ianze. Nikahubiri upya. Kanisa likawa sebule, sebule ikawa zizi, mbuzi wakalala, nami nahubiri tu. Paji la uso la Mzee Mwang'ombe likaanza kutoka jasho.

"Mchungaji," likasema kwa adabu, "tumechoka."

"Basi Mzee, tufungie wewe kwa Neema," nikasema haraka. Nilijua akiisema yeye haitahesabiwa.

"Nimekubebea za Jumapili zote," paji la uso likajibu. "Hii siiwezi. Mimi ndiye niliyeshika simu siku ile. Mkono wangu unauma mpaka leo."

Hapo kisanduku cheusi kikafunguka.

Mkawasi amekaa kwenye kiti cha plastiki katika ukumbi mrefu wa hospitali, kitambaa cha buluu kichwani, mkoba magotini, kama mtu aliyeruhusiwa kwenda nyumbani ila hajapewa karatasi. Hakuna mtu mwingine ukumbini. Alikuwa mzuri. Sijui kwa nini nilitarajia asiwe mzuri.

"Baba Shali," akasema, "utahubiri mpaka lini? Miguu imekufa ganzi."

"Karibu namaliza."

"Umesema hivyo miaka yote tuliyooana."

Nikacheka, halafu nikalia, na nikawa nalia mbele ya washirika, jambo nililowakataza wazee wangu wasilifanye.

"Nikiisema utaondoka," nikamwambia.

"Kwani sasa niko? Kwako siko na huko niendako siko. Niko ukumbini na mkoba, nasikiliza matangazo ya kufagia kanisa."

"Sikukusindikiza, Mkawasi. Mgeni wa kikombe kimoja cha chai namfikisha hadi barabarani, na wewe sikukufikisha hata mlangoni."

"Nilikuona dirishani," akasema. "Umeinua simu juu, unaitafutia mtandao, na machozi yanakuingia masikioni. Hayo ndiyo yalinisindikiza. Sasa simama, useme."

Nikasimama. Nikafungua kinywa, akanizuia.

"Neema haisemwi mikono mfukoni. Nipe mkono."

"Kwa mujibu wa agizo," simu ikaanza, "mita moja na..."

"Wewe nyamaza," Mkawasi akaiambia. "Ulikatika ulipohitajika."

Simu ikapunguza mwanga wake kwa aibu, na sikuisikia tena ikitaja agizo lolote.

Akatoa mkono wake nje ya kisanduku. Ulianza mdogo kama wa mwanasesere, ukakua kadiri ulivyonikaribia, mpaka ukawa mkono wake wenyewe, mwekundu wote.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Nilichoka kukaa, nikaenda kupalilia ile migomba. Mmeiacha imeota majani kama haina mwenyewe. Nilikuwa nakungoja na jembe mkononi, ungetaka nije nimepaka mafuta?"

Nikaushika. Ulikuwa na udongo mbichi, na ulinibana kama alivyonibana siku ya kuwekwa wakfu kwangu, nilipotetemeka. Nikamtazama machoni, kama tunavyofanya, na nikaisema Neema. Sikuiharakisha. Washirika waliisema pia, kila mmoja kutoka kwenye kisanduku chake, na kwa mara ya kwanza tangu tufungiwe kanisa hakuna aliyechelewa wala kutangulia. Dari lilisema. Besi ilikuwepo. Nilipofika kwenye neno la "milele" sauti ikanigomea, akalisema yeye.

"Amina," akasema. "Haya, Baba Shali. Mtunze Shali."

Akainuka, akakung'uta sketi, akachukua mkoba. Alitembea upesi ukumbini bila kugeuka, na sikumlaumu, amekaa sana.

"Mkawasi ametoka," simu ikasema taratibu. "Nifunge ibada?"

"Funga," nikasema.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani, na upande wake wa kitanda ulikuwa umetandikwa kama ninavyouacha kila siku. Nilikaa kitako nikalia kidogo, kilio chepesi, cha mtu ambaye wageni wake wameondoka salama.

Shali aliita kutoka jikoni.

"Baba! Chai inapoa. Nawa mikono uje."

"Nakuja, mama," nikajibu, na nikaangalia mikono.

Wa kushoto ulikuwa safi. Kiganja cha kulia kilikuwa na udongo mwekundu katika mistari yake yote, mbichi bado, na katikati yake alama za vidole vinne vyembamba, visivyo vyangu.

Pale mlangoni pa jikoni kuna jerikeni la maji na sabuni, na mimi ndiye niliyeandika tangazo lililobandikwa juu yake. Nimelipita. Nimekunywa chai kwa mkono wa kushoto, na Shali, ambaye hajawahi kuniona nikifanya hivyo, ameniuliza kama wa kulia unauma.

Nikamwambia hauumi.