Mstari wa Kwanza wa Kabichi

Ahadi ilikuwa moja tu: siku kabichi zikitoka salama, mjane atamchukua binti yake warudi kwao. Mama mkwe aliitamka mwenyewe baada ya kumzika mwanawe, mbele ya mashemeji wote. Bila ruhusa hiyo, mjane angeweza kwenda zake, ila mtoto angebaki. Lakini kila msimu viwavi walizila kabichi mpaka majani yakabaki chekeche, na mwanamke wa watu akabaki palepale, jiko lilelile, ukuta uleule.

Sababu aliijua. Mvua husomba viwavi wachanga, na kabichi iliyopandwa mapema hujifunga kabla jua halijakaza. Ukichelewa, joto huleta vipepeo, vipepeo hutaga, na watoto wao hawana adabu wala kushiba. Tatizo ni kwamba katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kutia mche ardhini kabla mama mkwe hajapanda mstari wa kwanza kwa mkono wake. Na bibi huyo alikuwa na visingizio vingi kuliko nywele zake: leo goti, kesho mgeni, keshokutwa hajisikii tu.

Mwaka huu aliitwa kumuuguza dada yake. Mvua ya kwanza ilipodondoka, mjane hakumuuliza mtu. Alipanda shamba zima huku akitazama njia kama mwizi.

Mama mkwe aliporudi alikuta miche imeshika. Alisimama ukingoni mwa shamba, akatazama, asigombe. Hilo lilimtisha mjane kuliko matusi.

Kabichi zikafunga, ngumu, nzito, bila tundu. Walipomaliza kuvuna, mjane alitoka na mfuko wa nguo.

"Mama, ahadi ni deni."

"Najua." Mama mkwe alijikalia juu ya gunia. "Ulidhani sijui viwavi wanakuja lini? Nimelima kabla hujazaliwa."

Mjane alimgeukia. Misimu yote ile!

"Kumbe ulikuwa unachelewesha makusudi?"

"Mngeondoka, ningebaki na nani? Haya, nenda, mwanangu. Nimeshindwa."

Hasira ilimpanda mjane. Alitaka kupiga kelele, alitaka kukimbia. Binti yake alikuwa ameshapanda mapajani kwa bibi, anamfuta machozi kwa upindo wa gauni, na bibi hakuthubutu hata kumshika.

Mjane aliuweka mfuko chini. Hakuwahi kumchukia mama mkwe kama siku ile.