Milioni Tisa na Ushei

Kwa miaka kumi Mwalimu aliandika njia zake za kufundisha hesabu katika daftari moja lenye jalada jekundu. Mwaka jana njia hizo zikatoka kitabuni, na jina lililochapwa juu halikuwa lake. Lilikuwa la mkuu wake wa idara, yule waliyemwita Kigogo. Mwalimu alipolalamika, mkuu wa chuo alimuuliza, "Ushahidi uko wapi, dada?" Hakuwa nao. Daftari lilikuwa limeshatoweka kwenye droo yake. Na mtu asije hapa kumhubiria kusamehe: Mwalimu alitaka mdomo umponze bwana yule mbele za watu.

Akanunua daftari jingine. Akazidisha namba tasa nane za mwanzo, kuanzia mbili hadi kumi na tisa, kisha akaongeza moja. Akapata 9,699,691. Ukiigawa kwa yoyote kati ya zile nane, hubaki moja. Mvivu akiona hivyo husema basi, hii nayo ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mwalimu akaandika hivyo hivyo kwa wino mzito, akaliacha daftari kwenye meza ya walimu, akaenda kunywa chai. Aliporudi, lilikuwa limegeuzwa upande wa dirisha. Alifurahi mpaka akajionea haya kidogo.

Za mwizi arobaini, lakini huyu hakufikisha hata ishirini. Siku ya kumi na nane kilifunguliwa chumba kipya cha hesabu, na namba ile ilikuwa ukutani kwa rangi ya buluu, kila tarakimu kubwa kama sahani.

"Tasa hii nimeivumbua mwenyewe, kwa jasho langu," Kigogo akawaambia wageni, mkuu wa chuo akiwa mbele kabisa.

Mwalimu akanyoosha mkono. "Samahani, mzee. Ulijaribu kuigawa kwa mia tatu arobaini na saba?"

"Ya nini, mama? Tasa ni tasa."

"Basi tugawe hapa hapa, wageni waone." Akampa chaki.

Kigogo akagawa ubaoni huku akitabasamu. Mbili, saba, tisa, tano. Ikabaki 1,041. Hapo akapunguza mwendo wa chaki, maana hata yeye alijua kuzidisha kwa tatu. Akaandika tatu. Ikabaki sifuri. Mgeni mmoja akaficha kicheko ndani ya kikohozi.

Kigogo akamgeukia Mwalimu, mishipa imemsimama shingoni. "Lakini si wewe uliyeandika kuwa ni tasa? Kwenye daftari lako! Mimi nimenakili tu kama ilivyo!"

Mkuu wa chuo akavua miwani yake taratibu.

"Daftari lake lipi?" akauliza.

Mwalimu akaketi, akakunja mikono kifuani. Alikuwa ameungoja mwaka mzima utamu ule, wala hakuwa na haraka.

"Mjibu, mzee," akasema. "La kwanza au la pili?"