Nilivyoitikia kwa Niaba ya Miguu ya Shangazi

Ndugu wananchi, walimu wa zamu, na wote mliojaaliwa figo mbili zinazofanya kazi: natangaza rasmi kwamba jana saa saba mchana niliota ndoto yenye manufaa kwa afya ya taifa. Niliiota nikiwa kwenye kiti cha plastiki, kichwa ukutani, mdomo wazi.

Kwanza maelezo. Shangazi yangu Semeni ni fundi cherehani. Figo zake ziligoma mwaka juzi, hivyo mara tatu kwa wiki analala kwa muda wa saa nne hospitalini, mkono umeunganishwa kwa mirija na mashine inayomsafishia damu. Damu inarudi safi, lakini miguu imenywea. Cherehani yake ya kukanyaga imefunikwa kitenge miezi minne sasa, na hana anachokitamani zaidi duniani kuliko kukiondoa hicho kitenge.

Ndiyo maana Ijumaa ya wiki iliyopita Sista Lukresia, muuguzi wa pale, alimwekea pedali mwisho wa kitanda. Baiskeli haipo, ni pedali tu. Mgonjwa anakanyaga akiwa amelala, nusu saa, kabla saa mbili za kwanza hazijaisha. Mimi niko likizo, na kazi yangu ni kumsimamia. Sista anauliza kutoka mezani kwake, "Semeni, nusu saa?" Akisikia "Tayari," anaandika.

Sasa, mimi nasoma bweni. Huko mwenzako akitoroka prepo, yale masomo ya jioni, mwalimu anapoita majina unamwitikia kwa sauti yake. Nimewahi kuwaitikia watu wanne jioni moja, na mmoja wao alikuwa ameshahama shule. Kwa hiyo Jumatatu shangazi aliposema, "Nimechoka, Shafii, niitikie leo," nilimwitikia nyuma ya pazia la kitanda kwa sauti yake, nikaongeza na kikohozi. Jumatano niliitikia kabla hajaomba. Jana niliitikia tena, nikavua viatu, nikaitazama soksi yangu ya kushoto yenye tundu la kidole gumba, nikalala.

Naona mashine imevaa miwani. Inafungua daftari.

"Mahudhurio," inasema. "Mguu wa kulia wa Semeni."

Natazama kitandani. Shangazi yupo, miguu haipo.

"Nipo," naitikia kwa mazoea.

"Mguu wa kushoto wa Semeni."

"Nipo."

Mashine inaandika polepole. "Aliyeitikia ndiye aliyepo. Kaa ukanyage."

Natazama chini. Miguu yangu imekuwa ya shangazi, ina hina hadi kwenye vifundo, na goti la kulia lina manung'uniko.

"Unatupeleka wapi?" goti linauliza.

"Sijaambiwa."

"Basi twende taratibu."

Nakanyaga. Wodi inakuwa bweni letu, siku ya usafi. Damu inapita kwenye mirija kwa mstari mmoja, imeshika ndoo, inasema samahani, samahani. Uchafu umejificha ndani ya misuli ya mapaja, kama sisi tunavyojificha uvunguni.

"Hamtoki?" nauliza.

"Tutoke kwa nini?" unajibu uchafu mmoja mnene, umelalia begi la mwenzake. "Mwenye miguu akilala, na sisi tunalala. Akikanyaga ndipo tunapata tabu."

Naongeza mwendo. Uchafu unatoka umebeba godoro, unalalamika kwamba hata chai haujanywa, unaingia kwenye mashine.

Mlangoni imesimama ndizi, tunda alilokatazwa shangazi tangu figo zigome, imevaa suti.

"Mimi ni jamaa wa karibu wa mgonjwa," inasema.

"Tunakufahamu," mashine inaijibu. "Ndiyo maana huingii."

Nikigeuka, pedali zimekuwa ubao wa kukanyagia cherehani, na bweni limekuwa kibanda cha shangazi. Cherehani inajifunua kitenge usoni kama bibi harusi.

"Semeni yuko wapi?"

"Ndiye mimi," nasema kwa sauti ya shangazi. Naongeza kikohozi.

"Sauti ni yake," cherehani inakiri. "Mkanyago siyo. Semeni anakanyaga kama anabembeleza mtoto. Wewe unaua mende."

Napunguza mwendo.

"Miezi minne nangoja miguu miwili," inasema. "Umeniletea sauti."

Naweka soksi yangu chini ya sindano, maana ndiyo nguo pekee iliyo karibu, na miguu yenye hina inanifundisha: taratibu, sawasawa, ukifika mwisho rudi nyuma mishono mitatu. Uzi ni mwekundu. Lazima nikiri kwamba naona raha. Hata goti linaimba.

"Shafii."

Nilifumbua macho. Sista Lukresia alikuwa amesimama mbele yangu, daftari mkononi. Shangazi alikuwa ameshaamka, na miguu yake ilikuwa imerudi mahali pake.

"Niliitikiwa 'Tayari'," alisema Sista. "Halafu napita hapa, mgonjwa anakoroma. Hizi pedali nilizifunga kwa bandeji Ijumaa iliyopita. Fundo ni lile lile."

"Labda alikanyaga, halafu akalifunga tena," nilisema.

"Kwa meno?" akauliza shangazi. "Usinitazame mimi, msomi. Jieleze." Kisha akainama kidogo. "Na hiyo soksi kakushonea nani?"

Niliangalia. Tundu lilikuwa limezibwa kwa uzi mwekundu. Shangazi akauvuta mguu wangu kwa mkono wake usio na mirija, akapitisha kidole juu ya mshono hadi mwisho, pale uliporudi nyuma mishono mitatu.

"Huu ni mshono wangu," alisema taratibu. "Nami nimefungwa hapa tangu saa sita."

Akaitazama miguu yake. Akazitazama pedali.

"Sista, fungua hilo fundo," alisema. "Saa nane bado dakika arobaini."

Sista alilifungua, akamfunga miguu kwenye pedali kwa kanda zake, na shangazi akaanza, polepole, kama anabembeleza mtoto. Ndipo Sista akanigeukia na daftari lake.

"Jumatatu?"

"Miguu haikuwepo," nilisema. "Niliitikia mimi. Jumatano pia, na leo. Na kile kikohozi ulichomwandikia dawa, Sista, kilikuwa changu."