Kadi ya Kijani na Kidole cha Mhina

Ulipita. Usikatae. Basi lako la Handeni lilipoacha mashamba ya mkonge ya Korogwe, uliona nyuzi nyeupe zimeanikwa juani, ukasema pazuri, kisha ukageukia dirisha la upande wa pili. Ulichokwepa kukiona ni mkono wa Mhina. Basi sikiliza.

Jumamosi moja, shamba likiwa limeuzwa kwa mmiliki mpya na jina lake limebadilishwa pamoja na rangi ya geti, Mhina alikaa kibarazani katika kambi yetu ya wafanyakazi, kadi mbili mapajani. Mkewe Hamisa alikuwa anachambua mchicha. Soko huria lilikuwa limetufikia kwa njia ya kadi: unachukua bidhaa, unalipa mwisho wa mwezi, na duka linakurudishia kidogo. Kadi ya njano ilikuwa ya Sadala, mfanyabiashara wa Handeni; ukichukua unga anakurudishia sukari. Ya kijani ilikuwa ya duka la shamba, imeandikwa: "Tunakurudishia sehemu ya ulichotoa." Kila nyumba iliruhusiwa kadi moja.

Mhina alijifunza siasa kwenye magazeti ya kufungia maandazi, hivyo alijua mwanzo wa mambo mengi na mwisho wa machache. Ndiye tuliyemchagua kuwa msemaji wetu, maana sisi wengine hata mwanzo hatukuujua. Kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia, kilichukuliwa na korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge. Mdomo wa mashine hiyo haujawahi kufungwa kinga. Tangu siku hiyo, kila mkutano Mhina alimnyooshea meneja kidole ambacho hakipo, nasi tukapiga makofi. Mapambano yetu yote yalikuwa hayo.

"Chukua ya Sadala," alisema Hamisa. "Sukari naijua."

"Mama Shamimu, huo ni ulaghai wa kibepari."

"Na hiyo ya kijani?"

"Ulaghai vilevile. Lakini soma: ulichotoa. Huyu amekiri kwamba tunatoa!"

"Haya, baba. Kesho utakoroga hayo maneno kwenye chai."

Akachukua ya kijani. Angeipeleka dukani, mambo yangeishia kwenye kipande cha sabuni. Lakini baba yake na babu yake walikata mkonge kwa kipande, ile kadi ya wakoloni iliyotiwa alama kila siku ya kazi, na mtu wa kambini akishika kadi, miguu humpeleka kwa nyapara. Asubuhi ya Jumatatu Mhina akaikabidhi kadi kwa nyapara Petro. Petro, naye mtoto wa nyapara, akaitia alama bila kuuliza. Sisi tukapanga foleni nyuma yake na kadi zetu.

Kwa hiyo hesabu haikufuata alichochukua dukani. Ilifuata alichotoa kiwandani. Mwisho wa mwezi Josefina wa kaunta akampa kifurushi cha gazeti. Ndani kilikuwamo kidole chake, na lile kovu la panga la utotoni, na vumbi la mkonge chini ya ukucha.

"Tia saini," alisema Josefina.

"Hakijashika bado."

"Kishikishe, mzee. Kuna watu nyuma yako."

Nyuma yake mwenzetu Simeo alikuwa anangojea kiganja chake kilicholiwa na korona. Hamisa alikiosha kidole kwa sabuni ya mche, akakigeuza huku na huku, akauliza kama sukari dukani ilikuwa imekwisha. Jioni kilikuwa kimeshika mkononi mwa Mhina.

Wiki iliyofuata Parsaoti, mfugaji kutoka Mazingara ambaye ukame ulimmalizia ng'ombe, alikuwa aanze kulisha korona. Tulimwita meneja mkutanoni kudai mashine ifungwe kinga kabla hajaigusa. Mhina akasimama, akanyoosha kidole. Kidole kikajikunja, kikageuka, kikamwelekea yeye mwenyewe kifuani. Alijaribu tena. Kikafanya vilevile, taratibu, kama mtumishi anayejua anamtumikia nani.

"Nani hapa ameumia?" aliuliza meneja.

Tukatazama mikono yetu. Yote ilikuwa mizima.

"Sasa kinga ya nini?"

Nasieku, mke wa Parsaoti, akainuka. "Shikamoo, mzee Mhina. Sema basi."

"Kimekataa, mama."

"Si una vingine tisa?"

Tulicheka sana. Mkutano ukafungwa kwa makofi.

Mpaka leo mdomo wa korona uko wazi na Parsaoti anaulisha. Mhina bado anahutubia. Siku hizi anaonyesha kwa kidevu. Kwa Hamisa chai ni ya chumvi. Kadi tunazo, tunampelekea Petro kila asubuhi.

Wewe wa dirishani, kidole chako hakijapita kaunta ya mtu. Bado ni chako. Shuka kwenye basi. Nenda getini, kinyooshe, sema mashine izimwe mpaka ifungwe kinga. Usiseme kesho. Parsaoti ameshainua mzigo wa majani unaofuata.