Mkate wa Ahashdarpan

Cheo cha mgeni kilikuwa ahashdarpan, neno refu la Kiajemi ambalo watu wa Yerusalemu walilipokea shingo upande, kama walivyopokea ushuru. Alikuwa mkubwa wa maliwali wote wa ng'ambo ya Mto. Na katika wiki zote za mwaka, yeye akachagua kuingia mjini siku ya tatu ya sikukuu ya mkate usiotiwa chachu.

Nehushta, mpishi wa liwali, hakutoka kumtazama farasi wala mtu. Mwanawe Hatushi alikuwa kifungoni kwa askari wa lango la kaskazini, kwa kumzaba kofi msimamizi wa wabeba mawe. Kesi ya kumpiga mtu wa mfalme ilimshinda liwali. Ni ahashdarpan tu angeamua: amwachilie, au ampeleke Shushani, mji wa mfalme, kwa minyororo, na waliopelekwa Shushani hawakurudi.

Asubuhi ile Pelatia, mkuu wa watumishi, aliingia jikoni akijipepea.

"Mama Hatushi, mgeni hawezi kutafuna ngozi zenu hizi. Mpikie mkate ulioumuka."

"Wiki hii? Kwani wewe si Myahudi mwenzangu?"

"Myahudi mwenye watoto sita. Wewe umua mkate, mimi nitamnong'oneza habari za kijana wako akishashiba. Akitafuna ngozi, mimi sina mdomo."

"Na chachu niitoe wapi? Tumefagia mpaka nyufa."

"Hilo ni swali la mpishi, bibi, si langu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nehushta alijitanda shuka akashuka Lango la Samaki, kwa Arishati, mke wa mwuza samaki, wageni kutoka Tiro ambao sikukuu haikuwahusu.

"Leo umetukumbuka?" Arishati alicheka. "Juzi hukutaka hata niguse chungu chako."

"Usinisimange, shoga. Nipe chachu, na tanuri lako."

Arishati alimtazama usoni, utani ukamtoka. "Funga mlango, basi," alisema.

Nehushta alikanda huku akilia. Tangu azaliwe hakuwahi kugusa unga uliochachuka siku zile, wala mama yake, wala nyanya yake aliyezaliwa uhamishoni Babeli. Aliona haya mbele ya wote wawili, na bado akaendelea kukanda.

Mkate ulipoiva aliufunika kwa kitambaa akaupeleka karamuni, akasimama nyuma ya pazia. Ahashdarpan alikuwa mzee mwembamba mwenye macho ya kuchoka. Aliufunua, akausukuma pembeni.

"Huu wa nini? Nimeambiwa wiki hii hamli chachu. Mimi nikiingia nyumba ya watu, nala wanachokula wao." Akachukua mkate mkavu, akauchovya kwenye mafuta.

Pelatia aliinama, kikohozi kikimsumbua ghafla. "Bwana wangu, kuna kijana mmoja kifungoni..."

"Yule wa kofi? Nimemwachilia asubuhi, nikiwa bado juu ya farasi. Msimamizi mwenyewe amekiri alimtukania mama yake."

Nehushta hakungoja kusikia zaidi. Alikimbia mpaka nyumbani, akamkuta Hatushi kizingitini, amekonda, mashavu yameingia ndani. Alimkumbatia, akamwekea mkate wa sikukuu na maji.

"Kule walinipa mkate wa chachu siku zote tatu," Hatushi alisema akitafuna. "Sikuugusa. Nilikuwa najiambia, mama naye huko kwa liwali wanambana, na hakubali. Hilo ndilo lililonitia nguvu, mama."

Nehushta angeweza kunyamaza. Arishati asingesema, na Pelatia asingethubutu. Lakini mtoto huyu alishinda na njaa siku tatu kwa kumwamini yeye, na Nehushta aliona afadhali achukiwe kuliko kusifiwa hivyo.

"Nilikubali, mwanangu. Leo asubuhi. Nimeukanda kwa mikono hii."

Hatushi aliacha kutafuna.

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya nani tena? Na kumbe ulikuwa umeshaachiliwa."

Nehushta akainuka ili aondoke mbele yake.

"Kaa, mama," alisema. "Lete mikono."

Aliinamisha mtungi, akamwosha kidole kimoja kimoja, na chini ya kucha, ambako unga mkavu ulikuwa bado umeganda. Kisha akaumega mkate wake, akampa mama yake nusu.